Mnavu na Mranaha

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka uani ameponda majani mkononi, na harufu ikanifikia kabla yake: harufu nzito, ya uvundo, kama shuka lililolowa likasahauliwa pembeni. Nilimpiga kofi la mkono hata majani yakamwanguka. Alilia, na wazazi wake wakanishangaa. Wao sikuwaeleza kitu. Nyinyi nitawaeleza.

Nilizaliwa Mbwajumali, kisiwa cha Pate. Mwaka ninaousema vita vya Mjerumani vilikuwa bado havijaisha, nami nina miaka tisa hivi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na mashambani na nyuma ya nyumba kumejaa mnavu, mboga ambayo bibi zetu waliwalisha wazazi waliotoka kujifungua wakisema huongeza maziwa. Katikati yake huota mranaha, wenye sumu ya kumpotosha mtu akili na jani linalonuka uvundo. Ikikua, mimea hiyo mtoto mdogo haimchanganyi: mnavu huchanua viua vidogo na kuzaa vitunda vyeusi kama shanga, mranaha huchanua ua jeupe refu na kuzaa tunda la miiba. Ila mboga huchumwa changa, kabla ya maua, na wakati huo ni ndugu wa tumbo moja.

Bibi yangu, mzaa mama, hakuyaamini macho, na yake yalikuwa yameshaingia ukungu. "Lifikite, ulinuse," alinifunza. "Likikutia shaka, onda kwa ncha ya ulimi, uteme. Mato hayatoshi, mwanangu." Nilishika upesi, na kwa hilo nikajiona sana.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mama alikuwa na siku ishirini tangu kumzaa ndugu yangu Shee, na kwa kuwa yumo katika arobaini, hakufunga. Mimi nilikuwa nikifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, na sijaona mtu aliyefunga kama mimi. Nilitema mate mpaka koo likanikauka. Wasichana wenzangu walikuwa wameniambia kwamba hata kunusa ubani kunafunguza, nami nikaongeza langu: ikiwa ubani unafunguza, jani je? Basi siku bibi alipoumwa na magoti akanituma peke yangu, nilichuma kwa macho tu. Sikunusa hata jani moja, wala sikuonja. Nilirudi na kikapu tele, nikijihesabia thawabu.

Nikapika mwenyewe, kwa tui, huku nimekipa chungu kisogo ili mvuke usinifunguze. Bibi alikuwa ndani akimkanda mama. Nilipompelekea chakula, mama alitia tonge mdomoni, akasita.

"Mboga za leo zina utungu."

"Ni mvua, mama," nikasema, kama mtu ajuaye.

Akanitazama, akatabasamu, akamaliza sahani yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpikia, na hakutaka kunivunja moyo.

Alasiri alianza kuomba maji, na kila akinywa aliomba mengine. Uso ukamwiva, mboni zikapanuka mpaka macho yakawa meusi yote. Akawa anachuma vitu hewani, akimwita baba yake aliyekufa zamani. Shee alikuwa amelala mapajani mwake. Mama aliinuka ghafula kumfuata huyo baba yake, na mtoto akaangukia sakafuni. Niliusikia mshindo wake, na sitaki kuueleza.

Bibi alipiga ukelele kwamba mwanawe amepandwa na pepo. Wakaja majirani, ukafukizwa ubani, mwalimu akasoma Yasini mpaka adhana ya magharibi. Nilipokwisha kufungua kwa maji nilikwenda jikoni, nikafikicha jani moja katika yaliyobaki kikapuni, nikanusa: uvundo. Nikayatupa yote chooni, na kikapu nikakiosha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilijiambia kwamba nikisema wataniua, na nisiposema Mungu atawaponya.

Shee alizikwa siku ya pili. Siku ya tatu mama alirudiwa na akili, hakumbuki chochote, akauliza mtoto yuko wapi. Bibi alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza: "Si wewe, mwanangu. Ni pepo wako."

Baba alikuwa Kiunga kwa shughuli zake. Aliporudi akasimuliwa, na kabla ya Mfungo Tatu, mwezi wa hija, kuandama alimpa mama talaka. Nami nikazidi kunyamaza. Nilidhani kosa langu lilikuwa lile jani, na kwamba halina tena wa kumdhuru.

Nikakua, nikaolewa, nikazaa. Mama alikuja kunilea arobaini yangu. Alinipikia, alinikanda, aliniogeshea mtoto nikiwa nimekaa mbele yake. Lakini nilipoanza kutoka, kila nikiinuka aliinuka naye, akaniwekea mwanangu mikononi.

"Mtukue, enda naye. Mimi siaminiki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jani lilikuwa ajali ya mtoto wa miaka tisa. Siku zote zilizofuata nilikuwa na ulimi, hata nikawa mtu mzima, na nilimwacha mama yangu aamini kwamba ndani yake mna kitu kinachoua watoto. Neno lilikuwa limenifika mdomoni. Nikamwambia nakwenda kuteka maji. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda naye kisimani. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaona wajukuu saba, na hakuwahi kubaki chumbani peke yake na hata mmoja.