Sato wa Ijumaa Kuu

Joviana wa Rubafu hakuwahi kuiona Kwaresima kama adhabu. Kabla hajaolewa alifanya kazi katika jiko la masista, na huko aliamua kwamba mtu anayelia kwa kukosa nyama ni mtu ambaye hajapikiwa vizuri, basi. Alijua kukaanga dagaa wakavu bila mafuta mpaka ile harufu inayowakimbiza watu itoke, ndipo awaoshe kwa maji ya moto na kuwatia kwenye mchuzi mzito wa karanga. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, aliwapika na nyanya chungu. Uyoga aliouchuma rweya, kwenye mbuga za nyasi nje ya kijiji, wakati wa mvua aliuanika, akauweka mpaka Ijumaa ambayo hakuna kitu kingine. Ndizi na maharage kila mtu Buhaya anapika, lakini za Joviana zililainika bila kuvurugika, na maharage yalibaki mazima, yameiva hadi ndani.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Wakati wa vita na Uganda, watu wa ng'ambo ya mto Kagera walipokimbia na watoto mgongoni, mwenyekiti wa kijiji alimwomba Joviana awapikie. Akapika. Vita vikaisha, wakimbizi wakarudi kwao, masufuria makubwa ya kijiji yakabaki kwenye banda lake kwa sababu hakuna aliyekuja kuyachukua. Kisha ukaja ule ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda, na misiba ikafuatana hata migomba ikakosa wa kuipalilia. Kila msiba, kabla hata maiti hajaoshwa, palikuwa na mtu wa kusema, "Muiteni Ma Joviana. Yeye atajua la kufanya."

Sentensi hiyo aliichukia. Aliwahi kumwambia mumewe, Mwijage, ambaye alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa mjini na kuja nyumbani Jumamosi tu, kwamba siku akifa yeye watamfufua kwanza awapikie waombolezaji. Mwijage alicheka. Joviana hakuwa anatania.

Mwaka wa themanini na nane ugonjwa uliingia nyumbani kwake. Mdogo wake Benigna, fundi cherehani aliyekuwa akiishi Kahororo, alifiwa na mume, na miezi michache baadaye akaletwa Rubafu amelala nyuma ya pikapu, amekonda, mdomo umejaa vidonda. Hakuweza kula chenye pilipili, chenye limau, wala kigumu. Joviana alijaribu uji wa ulezi, maharage yaliyochujwa, malenge yaliyopondwa. Benigna alionja kila kitu kwa adabu na kurudisha bakuli. Kwa mtu aliyezoea kuona sahani zikirudi tupu, kila bakuli lililorudi lilimuuma.

"Basi wewe niambie unatamani nini," alisema siku moja, sauti imempanda bila yeye kutaka.

Benigna alifikiri. "Supu ya sato, dada. Na ndizi umepondea humo humo. Kama alivyotupikia mama."

Sato! Ziwa lilikuwa limejaa sangara, na sangara wale walikuwa wamemaliza samaki wengine wote. Hata hivyo Joviana alishuka mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, kumtafuta Mashauri, mvuvi Msukuma aliyekuwa akileta samaki kutoka kambi za wavuvi za kisiwa cha Goziba.

"Mama, sato ni wa kubahatisha," Mashauri alimwambia. "Lakini kwa ajili ya mgonjwa nitajitahidi. Njoo Ijumaa asubuhi."

Ijumaa hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Mashauri alitimiza ahadi. Alimpa sato mmoja, mnene, macho bado maangavu, akakataa malipo. "Umpelekee pole," alisema. Joviana alimfunga samaki kwa jani la mgomba, akamweka kikapuni, akaanza kupanda mlima huku akipanga kichwani: kitunguu kidogo tu, chumvi kidogo, moto mdogo, miiba yote itoke kabla ndizi hazijaingia. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu Kwaresima ianze.

Njiani alikutana na jirani yake Immakulata anakuja mbio, kanga imefungwa kiunoni.

"Mawe! Mama wee, Ma Joviana! Jirani yetu Nathanieli amefariki alfajiri. Wanazika leo leo. Nilikuwa nakufuata wewe."

"Nimpelekee kwanza mgonjwa chakula chake."

"Utapitaje mbele ya msiba na kikapu, watu wote wanakuona? Njoo uwaanzishie tu, halafu uende."

Kuwaanzishia tu. Joviana alijua kabisa kwamba jambo hilo halipo duniani. Akaenda.

Nyumbani kwa marehemu alikuta ugomvi umeshaanza. Ta Ndyamukama, baba mkubwa wa marehemu, alikuwa amefunga fahali kwenye mti karibu na jiko. Katekista Ildefons alikuwa amesimama kati yake na fahali, rozari mkononi.

"Mwanangu hazikwi kwa majani," alisema Ta Ndyamukama. "Watu watoke Muleba kuja kula mchicha? Watanicheka."

"Waitu, mzee wangu, leo ni Ijumaa Kuu," Ildefons alimjibu. "Hata Misa ya maziko hatuna, nitaongoza sala tu. Halafu nyama? Na tena, watu wale kidogo. Leo ni siku ya kufunga."

"Wale kidogo? Wewe ndiye utakayewaambia hivyo?"

"Atawaambia Ma Joviana anapogawa."

"Sawa," Ta Ndyamukama alisema, akigeuka. "Ma Joviana atajua la kufanya."

Joviana alitamani kuwatupia mwiko. Mmoja alitaka karamu, mwingine alitaka mfungo, na wote wawili walikwenda kukaa kivulini wakamwachia yeye lawama. Jikoni palikuwa na ndizi za kutosha, maharage ambayo hakuna aliyekuwa ameyaloweka, na gunia la dagaa lililoletwa bila kuchambuliwa. Kikapu chake alikitundika ukutani, nyuma ya mlango, mahali penye ubaridi.

Akapika. Maharage aliyachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayachemsha upya ili yasichelewe. Wanawake wakachambua dagaa, yeye akawakaanga vikavu kwenye sufuria moja baada ya nyingine mpaka moshi ukamtoa machozi, na mtu mmoja akampa pole ya msiba akidhani analia. Karanga zikatwangwa. Majani ya maboga yakakatwa. Kila alipojaribu kuvua aproni aondoke, palitokea jambo: kuni mbichi, chumvi imekwisha, wageni wa Muleba wamefika. Mchana ukapita. Aliwaza Benigna anatazama mlango.

Walipotoka makaburini watu walikula, na walikula wakamaliza. Ta Ndyamukama alisema dagaa ni chakula cha wavuvi, akaomba aongezewe. Ildefons alisema mchuzi wa karanga ni anasa kwa siku kama ile. Sahani yake nayo ilirudi safi. Hakuna aliyesema ahsante, maana chakula cha msiba hakisifiwi.

Joviana alinawa mikono, akaenda nyuma ya mlango. Kikapu kilikuwepo. Kilikuwa kitupu.

"Immakulata. Sato wangu yuko wapi?"

Immakulata aliweka mkono mdomoni. "Yule? Wazee wengine wa ukoo walikataa dagaa, Ma. Nikaona kuna samaki, nikadhani umemleta kwa ajili ya msiba. Nimewakaangia kwenye moto wa nje."

"Nilikwambia ni wa mgonjwa."

"Ulisema chakula cha mgonjwa. Hukusema samaki."

Joviana aligeuka kutazama. Kwenye ungo kando ya jiko palikuwa na kichwa na uti wa mgongo, vimelambwa mpaka vikang'aa. Alichukua kikapu chake akaondoka bila kuaga, jambo ambalo wanawake wa kijiji walilizungumza wiki nzima.

Benigna alikuwa macho. Alitazama kikapu, halafu uso wa dada yake. Joviana alipika alichokuwa nacho: karanga zilizotwangwa laini, zikachemshwa na maji mengi na kuchujwa kwa kitambaa, ndizi mbivu ikapondewa humo. Benigna alimeza vijiko vichache.

"Usikasirike, dada. Ni kizuri."

"Nakasirika. Niache nikasirike."

Siku iliyofuata alishuka mwaloni. Ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mtumbwi uliotoka, na Mashauri alikuwa amesharudi Goziba. Jumatatu ya Pasaka Ta Ndyamukama alichinja yule fahali na kumtuma mtu kumwita Joviana. Alimjibu aliyetumwa kwamba jiko lake limezimika. Nyama, walisema baadaye, ilikuwa ngumu kama kiatu. Habari hiyo ilimfurahisha kwa muda mfupi tu.

Mashauri alirudi na sato mwingine wakati Pasaka imeshasahaulika. Joviana alimpika taratibu, nusu siku, miiba yote ameitoa kwa vidole, chumvi ametia chembe. Benigna alionja. Akakunja uso.

"Chumvi imezidi," alisema.

Haikuwa imezidi. Ulikuwa ni mdomo wake, vidonda vilikuwa vimeshuka hadi kooni. Joviana aliijua sababu, na bado alitoka nje akaipiga teke ndoo tupu ikabiringika mpaka kwenye migomba. Kisha akarudi, akaongeza maji kwenye supu.

Benigna alifariki watu wakivuna kahawa. Safari hii Joviana alikuwa mfiwa, na mfiwa hapiki. Walimkalisha sebuleni juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, kanga begani, Mwijage upande mmoja na Immakulata upande mwingine akimshika mkono. Ildefons aliongoza rozari. Jikoni wanawake walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu dagaa: wengine walisema waloweke, wengine wawatie hivyo hivyo. Hakuna aliyezungumzia kuwakaanga kwanza. Harufu ikaanza kuingia ndani.

Joviana alijaribu kuinuka. Immakulata akamkalisha.

"Tulia, Ma. Leo pumzika. Acha wenzako wahangaike."

Alijaribu tena katikati ya fumbo la nne, na Ildefons akamtazama juu ya miwani. Akakaa. Machozi yalikuwa yakimtoka tangu asubuhi, hayakuwa yamekauka, na sasa yalichanganyika na hasira asiyojua aielekeze kwa nani. Mara akasikia maji yanamwagwa kwenye sufuria ya moto, na mtu jikoni akakohoa.

"Wakaangeni kwanza!" Joviana alipaza sauti kutoka pale kwenye nyasi, akimkatiza katekista. "Vikavu! Bila mafuta! Mdogo wangu hawezi kuondoka na harufu hiyo!"

Mwijage aliinamisha kichwa. Kule jikoni mtu alijibu, "Sawa, Ma Joviana," na sufuria ikasikika ikiteremshwa motoni.