Ufa Kwenye Gurudumu la Mrisho

Mwanangu, sogea karibu. Mengi ya ujana wangu yamekwisha kunipotea, lakini ipo siku moja ninayoikumbuka kama ya jana, na kila nikiwaona vijana mnavyokimbilia usukani, hunijia tena.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa fundi wa magari katika gereji ya Bwana Jivan hapa Tabora, upande wa Ng'ambo. Nilitoka kwetu Sikonge, kwa wakulima wa tumbaku na warina asali, nikiwa sijui hata kushika spana, na Bwana Jivan, Mhindi mpole aliyependa magari kuliko chakula, ndiye aliyenifundisha kazi. Dereva wa gereji aliitwa Mrisho. Nimepanda magari ya watu wengi tangu wakati ule, ila sijapata kuona mkono kama wake. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa mtaa wa Gongoni na babu yake, Mzee Kasanda, na nilipokuja mjini sina ndugu, nyumba hiyo ndiyo iliyonipokea. Nakuambia haya ili ujue kwamba mtu niliyemfanyia nitakayokusimulia hakuwa mtu baki.

Siku hizo Wazungu na Wahindi wa mji walikuwa na mashindano yao ya magari. Nje kidogo ya mji palikuwa na uwanja mpana wa udongo mwekundu. Walipanga mapipa yaliyopakwa chokaa, magari yakayazunguka kwa kasi, na vumbi likapanda hata usione jua. Sisi tulikwenda kutazama tu. Gari la Bwana Jivan lilikuwa kuukuu, tumelikata paa ili liwe jepesi, na siku zote liliendeshwa na mwanawe. Basi mwaka huo mwanawe akaanguka na baiskeli akavunjika mkono, na Bwana Jivan, baada ya kubishana sana na wakubwa wa mashindano, akapata ruhusa Mrisho aendeshe badala yake.

Habari ikaenea mji mzima. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kushindana katika uwanja ule. Kina mama wa sokoni wakawa wanamwita "dereva wetu". Fundi cherehani mmoja alimshonea shati jeupe akakataa ujira. Wazee ambao hawakuwahi kupanda gari wakawa wanauliza siku yenyewe ni lini. Mrisho naye alitembea kifua mbele, nami sikumlaumu. Mtu aliyezoea kuambiwa "wewe ngoja nje", siku akifunguliwa mlango ataingia hata kwa ubavu.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Siku moja kabla ya mashindano, alasiri, nikayafungua magurudumu niyakague. Nilijifunza kwa watu wa reli pale stesheni, ambao hugonga gurudumu la behewa kwa nyundo na kusikiliza: zima hulia kama kengele, bovu hulia kama chungu kilichopasuka. Matatu yalilia vizuri. La mbele la kulia likatoa sauti ya chungu. Nikalipaka mafuta ya taa, nikalifuta, nikalipaka chokaa, nikangoja. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakajichora juu ya weupe: nyufa mbili nyembamba kama unywele, zimeanzia kwenye matundu ya nati, zinatafutana. Uwanja ule, mwanangu, magari yalizunguka kwa kushoto tu, kwa hiyo uzito wote ulilalia gurudumu hilo moja, na ardhi nayo ilikuwa na mabonde. Kulichomelea kusingefaa, maana chuma kama kile ukikichomelea hukatika pembeni ya kovu. Na gurudumu jingine la aina ile lilikuwa Dar es Salaam, lisingefika kwa usiku mmoja.

Nikamwita Mrisho nikamwonyesha. Aliinama akatazama.

"Lipake rangi," akasema.

"Rangi haishiki chuma, Mrisho."

"Limestahimili wiki nzima. Halitastahimili mchana mmoja?" Kisha akanishika mkono, na sauti yake ikawa ya chini. "Usimwambie Bwana Jivan. Nakuomba kama ndugu yangu, Andrea. Nafasi hii wakituona tumeiacha, hawatatupa tena."

Na hilo lilikuwa kweli. Ndilo lililonitesa. Lau angekuwa anasema upuuzi, ningemkatalia palepale. Nikamwambia nitafikiri, nikaosha mikono, nikaenda Gongoni kwa babu yake.

Nilimkuta Mzee Kasanda barazani anamenya karanga. Mzee huyu katika ujana wake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kutoka Ujiji mpaka pwani kwa miguu, njia ile ya misafara inayopita hapahapa, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu hata uzeeni. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikaketi nikamweleza yote. Mwisho nikamwuliza, "Babu, nifanye nini?"

Alimenya karanga zake, kisha akasema, "Hukuja kuniuliza wewe. Jibu ulilipata ulipogonga chuma chako. Umekuja kutafuta mtu wa kukushikia mzigo upande wa pili, ili kesho ukisema, useme ni mimi niliyekutuma."

Nikainamisha kichwa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa, na mwenyewe sikujua.

"Sisi tulipokuwa tukibeba mzigo mkubwa, watu wawili na mti mmoja mabegani," akaendelea, "aliyeuona ufa wa mti ndiye aliyesema, hata awe mdogo kuliko wote, hata tuwe tumechoka na kambi inaonekana. Aliyenyamaza, mti ulipovunjika, hakuna aliyemwuliza habari za mti. Aliulizwa habari za mguu wa mwenzake."

"Atanichukia, Babu."

"Atakuchukia. Nani alikuambia hatakuchukia?" Akaziweka karanga chini. "Mimi nami nilitaka kumwona kesho. Nimekwisha kufua kanzu yangu. Nenda, mwanangu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini usidhani atakuwa mpenzi wa watu siku hiyohiyo."

Asubuhi nilimwambia Bwana Jivan, na Mrisho akiwapo, maana sikutaka kusema nyuma yake. Bwana Jivan alipitisha kidole juu ya ile mistari, akaketi juu ya boksi la vifaa. Alikuwa amebishana na wakubwa ili Mrisho aendeshe, naye alitaka ushindi kama sisi sote. Akaniuliza, "Kama mwanangu asingevunjika mkono, ungemruhusu aendeshe na gurudumu hili?"

"Nisingemruhusu."

"Basi na Mrisho haendeshi."

Mrisho hakupiga kelele. Alinitazama tu akasema, "Wivu ni kitu kibaya, Andrea." Neno hilo liliniingia kuliko kofi. Kisha akavaa shati lake jeupe akaenda uwanjani kwa miguu, kwa sababu watu walikuwa wakimngoja na hakutaka wasikie kwa mwingine. Nilimfuata kwa mbali. Nilimwona akisimama mbele ya watu wa Ng'ambo, akawaambia gari lina ubovu, hataendesha. Wengine wakaguna, wengine wakacheka. Mkubwa mmoja wa mashindano alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba alijua tangu mwanzo ataogopa. Mama mmoja muuza vitumbua akamwambia, "Pole, baba," na hapo ndipo nilipouona uso wa Mrisho ukivunjika.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo hadithi nyingi hudanganya. Mashindano yaliendelea mpaka mwisho. Hakuna gari lililopinduka. Hakuna aliyeumia. Hakuna kilichotokea siku ile cha kuwaonyesha watu kwamba nilisema kweli. Gurudumu lile lilitupwa kwenye vyuma chakavu, wahunzi wakalichukua, na hadi leo sijui kama lingekatika.

Mrisho aliacha kazi akaenda Mwanza. Mzee Kasanda alipofariki, alikuja kuzika, akanipa mkono kama anavyopewa kila mtu msibani, akaondoka. Nililia siku ile, na sikumlilia marehemu peke yake.

Miaka ikapita. Mwingereza alikuwa bado yupo, nami nilikuwa na kibanda changu cha ufundi kando ya barabara. Asubuhi moja likasimama basi limejaa watu, kuku na magunia, akashuka dereva. Alikuwa Mrisho, mvi zimeanza. Tuliamkiana. Hakutaja yaliyopita.

"Nigongee magurudumu," akasema.

Nikachukua nyundo nikazunguka basi. Abiria wakanung'unika kwamba wanacheleweshwa, naye akawaambia wasubiri. Nilipomaliza nikamwambia, "Yote mazima."

"Nimepita mafundi wengi njiani," akasema. "Wale wataniambia ninachotaka kusikia. Mle ndani mna watoto wa watu."

Akapanda, akapiga honi, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakupita Tabora bila kusimama kwangu, mpaka alipoacha udereva.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli. Lakini ufa wa ukuta huzibwa kwa udongo, ufa wa chuma hauzibwi kwa rangi. Jua tofauti yake. Ukiuona ufa chini ya mtu unayempenda, mwambie yeye kwanza, tena kwa upole, kisha mwambie anayehusika, na usiseme kwa mgongo wa mtu mwingine. Usingoje shukrani, kwa maana ajali isiyotokea haina shahidi. Nawe ukizuiliwa siku yako ya furaha, utaumia, na una haki ya kuumia; Mrisho aliumia nami sikumwona mjinga hata siku moja. Lakini kabla hujasema ni wivu, inama kwanza utazame gurudumu lako.

Mwenyezi Mungu akujaalie mwenzi atakayekuambia lisilokupendeza, na akupe kifua cha kulipokea. Barabara zikupokee salama, na kila unayembeba umfikishe kwao akiwa mzima. Amina.