Wasomaji wa Kwenye Foleni

Siku ya maktaba kupimwa nilipiga deki asubuhi na mapema, nikavaa blauzi yangu ya kanisani, nikakaa kungojea wasomaji. Hakuna aliyekaa.

Maktaba yetu iko kando ya barabara ya kutoka Amagoro kwenda Malaba, na wasomaji wangu karibu wote ni madereva wa malori. Foleni ya mpakani ikikwama, wanaingia, wanachukua kitabu, wanarudi kusomea kwenye usukani, maana foleni ikisonga na lori lako limelala, wa nyuma hawana huruma. Wengine wananirudishia wakitoka Kampala, kurasa zikinuka dizeli. Mimi ni mjane na watoto wangu wako Nairobi. Bila hao wa kuniita mama, ningeshinda kutwa bila kusikia sauti ya mtu, na upweke wa namna hiyo unauma.

Mpimaji alikuwa binti mpole aliyetumwa na ofisi ya Busia mjini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu waliokaa vitini. Viti vikikutwa vitupu, maktaba ingefungwa na vitabu vipelekwe mjini. Kila saa alizunguka chumba, akaandika hakuna. Nikashindwa kuvumilia. Nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikamwonyesha malori: huyu kitabu kiko usukanini, yule kakiegemeza kwenye kioo.

"Nawaona, mama," akasema. "Lakini fomu inataka walio ndani."

Nilipandwa na hasira. Fomu gani hiyo isiyoijua barabara? Nikamwendea dereva wa lori la karibu, mteja wangu wa muda mrefu.

"Boss, ingia ukae kidogo tu uhesabiwe. Wanataka kutufungia."

Akafungua mlango, akashusha mguu mmoja. Hapo hapo malori ya mbele yakaanza kunguruma. Akaniangalia, akaangalia barabara, akaurudisha mguu.

"Pole, mama. Laini imesonga. Nikibaki hapa tajiri atanimaliza." Akanipa kitabu kupitia dirishani, kidole chake kikiwa bado katikati ya kurasa. "Nilikuwa nimefika hapa."

Foleni yote ikaondoka. Nikarudi ndani, nikavuta kiti, nikaketi mbele ya yule binti.

"Mama," akasema kwa upole, "mfanyakazi hahesabiwi."

"Najua," nikamwambia. Nikafungua pale alipoachia dereva, nikaanza kusoma.