Kombe la Baba na Fomu ya Ijumaa

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu hapa Kigali, na katika nchi isiyo na bahari ameamua kusomea joto la bahari. Jumatatu moja baada ya alasiri alikuja kwangu mtaani Biryogo, akalichukua kombe lililo dirishani, ganda zito la ukubwa wa kiganja alilotuachia marehemu baba, akasema, "Babu, hili ndilo nililokuwa nalitafuta."

Nilimsikiliza, maana Mola amenipa wajukuu wanaojua nisichokijua. Mnyama wa ndani ya kombe hujenga ganda lake tabaka juu ya tabaka kwa vitu anavyovipata majini. Oksijeni ipo nyepesi na ipo nzito. Maji yakiwa baridi, ganda hupata nzito zaidi, na yakiwa na joto, nzito hupungua. Wataalamu hutoboa kila tabaka kwa kimashine kama cha daktari wa meno, wakapima unga wake, wakakadiria joto la bahari ya zamani.

"Shida ni maji ya mto," alisema. "Yana nyepesi nyingi. Kombe lililokaa karibu na mto litaonyesha joto ambalo halikuwepo. Lazima tujue lilitoka wapi."

Akanipa fomu ya kujaza: mahali, mwaka, sahihi. Ilitakiwa Ijumaa. Alikuwa na makombe manne, mwalimu wake anataka matano, na likikosekana la tano, kazi yake inasogezwa mwaka mzima.

Nikaenda kwa dada yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Bagamoyo, kaka. Babu yetu alikuwa na duka kule."

"Nani alikwambia kombe limetoka huko?"

"Kwani lazima niambiwe? Najua tu."

Bagamoyo kuna mto Ruvu. Nikaenda kwa binamu yangu, fundi cherehani, ambaye hata mguu hakuuinua kwenye pedali.

"Tanga. Baba yako alilinunua Tanga."

"Ulimsikia akisema?"

"Nilisikia watu."

"Watu gani?"

"Maalim, andika Tanga. Nani atakwenda kuwauliza samaki?"

Wateja wake wakacheka. Kesho yake akanipigia simu kuniongezea na mwaka, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa bado ananyonya.

Miaka yote niliyofundisha Kurani chuoni hapa mtaani, nimewaambia watoto kwamba habari haitegemewi mpaka ujue nani kaipokea kwa nani, hadi kwa yule aliyeona. Watoto wa watu walinielewa. Jamaa zangu mwenyewe, subhanallah, kila mmoja ana jibu na hakuna mwenye msimulizi.

Alhamisi mjukuu alirudi, nikamweleza majibu ya jamaa. "Babu, andika Tanga tu. Kule hata mto ukiwepo, nitasema lilitoka mwambani, mbali na mto."

"Wewe uliona?"

"Hii ni fomu, Babu. Si kiapo."

"Sahihi yangu ni kiapo."

"Unajua nitapoteza mwaka?"

Nilijua, na moyo uliniuma. Nikaandika: "Nililikuta dirishani kwa baba nilipokuwa mtoto. Kabla ya hapo sijui, na niliowauliza hawajui." Nikatia sahihi. Akaisoma, akaikunja, akaondoka bila kugusa chai.

Mwalimu wake alilikataa. Kombe la baba sasa wanalitumia kufundishia wanafunzi wapya kutoboa, na kazi ya mjukuu imesogezwa mwaka. Aliniambia kwa simu, sauti kavu.

"Nitakuombea dua," nikasema.

"Niombee kombe la tano, Babu. Lenye barua yake."

Namwombea kila alfajiri. Namshukuru Mola pia kwa dada yangu, aliyeniuguza na kunilea, lakini subira niliyopewa anaitumia yote yeye. Kila asubuhi hupita mlangoni akienda kununua maziwa, husimama, na kunieleza kwamba kama ningeandika Bagamoyo, mtoto angekuwa ameshamaliza.