Breka Niliyoing'oa kwa Mama Zawadi

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua za kwanza, mwanangu, na mpaka leo nikiukumbuka viganja vinanitoka jasho. Mimi unanijua, mtu wa utani, lakini hili silitanii. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia yule mteja wako wa Isikizya kwenye simu, "Kama breka inashukashuka usihangaike, nakuja kukuwekea nyingine ngumu." Nilikuwa nakunywa chai, nikaweka kikombe chini.

Maneno hayo yalikuwa yangu kabla wewe hujazaliwa. Niliyasema kwa majivuno yale yale, mkono kiunoni.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, najifunza ufundi umeme kwa Mzee Kulwa hapa Tabora mjini. Fundi mwanamke siku zile alikuwa kituko. Nikipita na ngazi begani, watu wanaacha mazungumzo yao. "Nyamizi, utaungua kucha!" Nacheka nao, moyoni naumia. Basi nikajiapiza kwamba hakuna mteja atakayenisikia nikisema sijui. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, mwanangu, wala sikwenda mbali.

Kulikuwa na seremala mmoja wa mbao za mninga, ana mashine ya randa. Kila akiiwasha, breka, kile kikata umeme cha kwenye sanduku, inashuka. Akiipandisha na kuwasha tena, inashuka. Mzee Kulwa akanionyesha herufi iliyoandikwa usoni pa breka: B. Akasema hiyo ni ya nyumbani, ya taa na soketi, umeme ukizidi ghafla mara tatu mpaka tano ya kiasi chake inajizima papo hapo. Mota kubwa ikiamka inavuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo, kisha inatulia, na ile B haina subira ya kungoja. Akapima unene wa waya, akaridhika, akafunga yenye herufi C, ya kiasi kile kile, inayovumilia mara tano mpaka kumi. Randa ikanguruma, seremala akapiga makofi. Mimi nikaondoka pale nimejua kila kitu. Breka ikisumbua, weka C. Lo, ujinga wa kujua nusu!

Siku chache baadaye Mama Zawadi wa Mtendeni akaniita. Huyu ndiye mtu wa kwanza mjini hapa aliyeniita mimi mwenyewe, bila kumtanguliza Mzee. Alikuwa mfuaji wa mashuka ya gesti, anaishi na binti yake Zawadi, wa miaka saba, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa na mhandisi mmoja. Shida yake: mvua ikinyesha tu, umeme wa nyumba nzima unajizima. Pasi inapoa, anagombana na wenye gesti.

"Nyamizi mwanangu, nisaidie," akaniambia. "Wanaume wawili wameshindwa."

Ungenionaje nikisema sijui hapo? Nikafungua sanduku la umeme. Nikakuta breka pana kuliko nilizozoea, ina kitufe kidogo chenye herufi T. Sikuwahi kuiona. Nikajisemea hii ni ya kizamani, imechoka. Sikupanda darini kutazama. Nikaing'oa, nikafunga C mpya, nikasema lile neno lako: "Hii ngumu, mama, haitakusumbua tena." Akanibusu viganja vyote viwili.

Siku ya nne yake tulikuwa Ipuli, mimi na Mzee Kulwa, tunapitisha waya kwenye nyumba ya mwalimu. Umeme ulikatika mji mzima tangu asubuhi. Wingu likajikusanya jeusi upande wa magharibi, nikaona nafasi ya kujisifu. Nikatoa ile breka kwenye mkoba wa vifaa. "Mzee, tazama. Hii ndiyo ilikuwa inamtesa Mama Zawadi kila mvua. Nimeitoa, sasa analala."

Mzee Kulwa aliigeuza mkononi mara moja tu, akasimama. Mzee yule alikuwa na goti bovu, kusimama kwake ni shughuli ya kusaidiwa. Siku ile alisimama kama kijana.

"Mama Zawadi anaanika wapi?"

"Uani, kwenye waya."

"Waya wa nini?"

"Wa chuma."

"Umefungwa wapi?"

Hapo ndipo nikakumbuka nilichokiona uani kwake. Ncha moja ya waya ule ilifungwa kwenye mti uliochimbiwa chini. Ncha ya pili ilifungwa kwenye chuma cha paa, kilichoshika mabati.

"Baiskeli," akasema. "Endesha wewe."

Nilipiga pedali, mwanangu, Mzee amekaa nyuma kwenye keria, mchanga unashika magurudumu, matone makubwa yanaanza kutupiga usoni. Na huku nyuma yangu anafundisha. Sijawahi kufundishwa somo kwa sauti ile, ilikuwa inatetemeka.

"Hizi za B na C zinalinda waya, Nyamizi. Mzigo ukizidi kidogo, ndani yake kuna kibati kinapata moto polepole, kinajikunja, inashuka. Ikipigwa shoti, sumaku inaishusha papo hapo. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani. Kiongozi wao alitazama mabega ya wapagazi yasivunjike. Breka hizi ndivyo zilivyo, zinatazama bega la waya. Wewe na mimi hazituoni!"

"Na ile yenye kitufe?"

"Ile inahesabu umeme unaotoka na unaorudi. Unaorudi ukipungua hata kidogo, ina maana umepita pengine. Kwenye ukuta, kwenye bati, kwenye mwili wa mtu. Inakata kabla moyo haujasimama. Kinachotosha kumuua mama yule, C yako haitajua hata kama kimepita. Kanyaga, Nyamizi!"

Nikakanyaga. Nikaelewa yote kwa mkupuo, na afadhali nisingeelewa. Mama Zawadi alishaniambia kwamba anahifadhi magunia ya karanga darini. Karanga zinaita panya, panya wanakula waya, waya ulio uchi unalala juu ya bati. Mvua ikilowesha bati na ukuta, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini, na ile breka ilikuwa inapiga kelele kila mvua: kuna kitu, kuna kitu! Mimi nikaiziba mdomo. Nilikuwa naomba kwa sauti, Yesu na Maria, umeme usirudi, umeme usirudi. Mji mzima unalalamika giza, mimi naomba giza lizidi.

Tukaingia uani kwake. Mvua ilikuwa imeshakolea. Mama Zawadi alikuwa peku, miguu kwenye tope, mikono yote miwili juu ya waya, anaanua mashuka.

"Achia huo waya!" Mzee Kulwa akapiga ukelele.

Mama Zawadi akageuka akicheka. "Shikamoo, Mzee! Mvua imetuweza leo. Ngoja nimalizie hili la mwisho, linalowa."

Akanyoosha mkono tena. Nikaiachia baiskeli ianguke na Mzee wa watu juu yake, nikakimbia, nikamdaka Mama Zawadi kiunoni kwa nguvu zangu zote. Tukaanguka wote kwenye tope, mashuka juu yetu.

"Nyamizi! Una wazimu?"

Kabla sijamjibu, watoto wa mtaa mzima wakashangilia: "Umerudiii!" Redio ya jirani ikaanza kuimba. Taa ya kibarazani ikawaka.

Mzee Kulwa alijizoa chini akachechemea mpaka kwenye waya. Akatoa bisibisi yake ya testa, akaigusisha ncha. Kitaa chake kikawaka, chekundu. Mama Zawadi alikitazama, akanitazama mimi, cheko likakatika. Mzee akaingia ndani kuzima mein swichi, akarudi, akaniambia maneno mawili tu.

"Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Nilipiga magoti pale pale topeni nikamwambia kwamba niling'oa kitu nisichokijua kwa sababu niliona aibu kuuliza. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye ngazi ya kibaraza.

"Jana ilinyesha," akasema polepole. "Umeme ulikuwepo. Nilimtuma Zawadi aanue nguo. Akarudi analia, mama, waya unaniuma vidole. Nikamwambia mvivu wewe. Nikamchapa, Nyamizi. Nikamrudisha."

Zawadi alikuwa mlangoni anatusikiliza. Miguuni alikuwa amevaa kandambili kubwa za mama yake, za mpira. Ndizo alizovaa na jana yake, na mpira haupitishi umeme.

Mama yake alimvuta akamkumbatia, akalia kwa sauti ambayo bado naisikia mvua ikianza kupiga mabati. Na mimi nikalia. Mzee Kulwa akapanda darini na goti lake lile, akakuta waya umegugunwa urefu wa shibiri, umelala juu ya bati. Tulibadilisha waya, tukafunga bati kwenye ethi, ule waya unaoshuka ardhini, tukairudisha ile breka. Halafu akaniambia nibonyeze kitufe chenye T. Ikashuka, tak! Kitufe hicho ndicho cha kuijaribu kama bado iko macho. Akanibonyezesha mara tatu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Breka ikishuka, inakuambia kitu, na kazi yako ya kwanza ni kuuliza ni nini. Soma herufi usoni pake. Pima waya kabla ya kuongeza kiasi. Kama ni mota inayoamka, sawa, C inaweza kuwa dawa, na zile mashine nzito mno zina D yao. Lakini kama inashuka wakati wa mvua, au mtu akigusa friji, usiguse breka, panda darini. Ile yenye T usiiondoe kamwe, na mwambie mwenye nyumba aibonyeze kila mwezi. Na ukikuta usichokijua, sema sijui. Neno hilo lingeniepusha na mengi, na halikuwa na uzito wowote mdomoni.

Kesho hatuendi kwingine. Tunakwenda Isikizya, mimi na wewe, tukaone kwa nini breka ya yule mtu inashuka. Usiku huu mpigie, mwambie watoto wake wavae viatu na wasiguse bati. Mpigie sasa hivi, nakungoja.

Mungu aibariki mikono yako, aipe woga unaofaa. Na kila atakayelala chini ya paa ulilopitisha waya, aamke salama.