Ndengu za Mwisho

Juzi nikipita Mwala nilimwona mama mmoja akipanda ndengu kwenye udongo mkavu, kabla ya mvua, huku akiimba. Harufu ya vumbi la moto ikanirudisha shambani kwetu, mchana ule Mama alipofukia ndengu zetu za mwisho. Nilikuwa na njaa, na nilijua tu kwamba vitu huzikwa vikishakufa.

“Mama, mbona unazika chakula?”

“Funika tu, mwanangu. Mvua iko na Mungu.”

Kisha akaimba wimbo wa kumtumaini Bwana, kwa nguvu mpaka mbuzi wakageuka, nami nikadhani ana furaha.

Tangu mume wangu azikwe, nami huuimba jikoni, peke yangu, kwa nguvu zilezile. Jirani husema, “Huyu mama ako na furaha kweli.”