Mwezekaji Asiyekosea

Katika vijiji vya chini ya kilima cha Asego, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Homa Bay, hakuna aliyeezeka nyumba kwa ustadi kama Cephas, wala aliyekosea mara chache kama yeye. Hilo la kwanza lilisemwa na watu. La pili alilisema mwenyewe.

Kwa miaka thelathini alikuwa amepanda na kushuka mapaa ya watu, mikono imekauka kama kamba ya mkonge, na katika miaka yote hiyo hakukosea hata mara moja. Paa la mwalimu lilipovuja, alilikagua kwa huruma, akaeleza kwamba upepo wa ziwani umeanza kupita njia nyingine. Nyumba ya shemasi ilipoinama upande, alizunguka mara mbili, akainama naye kidogo ili aione vizuri, kisha akasema nyumba imesimama sawasawa, ila uwanja wa shemasi ndio umeinama. Watu walicheka wakiwa mbali naye. Walimpenda. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hakunyeshewa kijijini humo hata msimu mmoja, maana Cephas alimwezekea kwa bakuli la uji, na akimaliza alimsifia uji hata kama umeungua.

Basi mwezi wa pili wa mwaka 1967, binti yake Roseline alipata barua. Alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne, na sasa shule moja ya wasichana karibu na Nairobi ilimwita aingie kidato cha tano, njia ya kwenda chuo kikuu. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Cephas aliisikiliza barua hiyo ikisomwa mara mbili. Chuo cha ualimu alikielewa: unaingia msichana, unatoka mwalimu. Lakini haya masomo ya juu, ya juu ya nini? Akafanya uchunguzi. Monari, mwenye duka mjini, alimwambia kwamba chuo kikuu ni cha kupatia gari. Karani wa chifu alisema ni cha kukalia viti walivyoviacha Wazungu. Cephas akapima. Roseline hakuwa na haja ya gari, na viti vyenyewe, kwa jinsi alivyosikia, vilikuwa vimeshakaliwa vyote. Sabato iliyofuata, ibada ilipokwisha, aliwatangazia wazee wa kanisa mlangoni kwamba binti yake ataingia chuo cha ualimu, na kwamba masomo yanayozidi hapo ni kama kuezeka nyumba ambayo imeshaezekwa.

Wazee walikubali. Mkewe, Mellen, alitangulia nyumbani. Roseline alikwenda mtoni kuteka maji, akakawia kurudi.

Wiki hiyohiyo Maurice, mwana wa mjane Phelesia, alirudi kutoka Makerere akiwa na shahada ya hesabu na viatu visivyofaa kwa vumbi. Kazi yake Nairobi ingeanza mwezi wa nne. Lakini hakuwa na pa kulala. Kijana aliyekwisha kukua halali katika nyumba ya mama yake. Sharti awe na simba, yaani kibanda chake mwenyewe ndani ya boma, na simba ya Maurice ilikuwa imeliwa na mchwa wakati mwenyewe akisoma. Alijihifadhi kwa binamu yake, akaenda kumwomba Cephas amwezekee nyingine kabla ya mvua za masika.

Cephas alifurahi mno. Hapa sasa angeiona hiyo elimu ya juu kwa macho yake, na kwa karibu.

Kuta ziliposimama na fito kufungwa, alitazama juu, akafumba jicho moja, akasema paa litakula matita mia na arobaini ya nyasi. Maurice akaomba ruhusa. Akapima kwa kamba, akaketi juu ya gogo na daftari, akachora duara, akachora mistari, akahesabu hata kuku wakamzoea. Mwisho akasema matita tisini na mawili yanatosha.

Phelesia na wanawake wenzake, ambao ndio wangekata nyasi hizo na kuzibeba kichwani kutoka upande wa Lambwe, waliona mara moja faida ya elimu. Walikata tisini na mawili. Cephas hakubishana. Alipanda juu akiimba wimbo wa kanisani, na mtu mwenye sikio angetambua kwamba ulikuwa wimbo wa ushindi.

Siku ya tatu adhuhuri nyasi zilikwisha. Paa lilikuwa limefunikwa hadi juu kidogo ya nusu, na fito za kileleni zilionekana wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nusu ya kijiji ilikuwa imejikuta, kwa bahati tu, ikipita hapo. Cephas akakaa juu ya ngazi, akasubiri. Alijua kinachofuata. Yeye mwenyewe, angekuwa ndiye Maurice, angekwisha kuona sababu tatu nzuri: wanawake wamefunga matita membamba, nyasi za mwaka huu ni fupi, na mwezekaji ana mkono mzito.

Maurice alitazama paa. Akatazama daftari. Kisha akawageukia wanawake.

"Nilikosea," akasema. "Nilihesabu nyasi kama blanketi linalotandikwa mara moja. Sikujua kwamba zinalaliana. Mama zangu, nisameheni. Zilizobaki nitazikata mimi." Akainua uso kuelekea ngazini. "Na wewe, baba, nionyeshe zinavyolaliana."

Watu walingoja aendelee. Hakuendelea. Mama mmoja akamwambia kwamba kwa viatu vile atakata vidole kabla ya nyasi, wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akavua viatu.

Mchana huo na siku mbili zilizofuata, alipomaliza kukata alipanda ngazi na kuuliza. Tita moja linafunika lile la chini yake kwa kiasi gani? Kwa nini karibu na upenu zaidi kuliko kileleni? Umejuaje? Cephas alijibu maswali manne kwa ufasaha, na la tano akakuta hana jibu. Mikono yake ilikuwa ikijua jambo ambalo hakuwahi kuiuliza.

Paa lilipokwisha, lilikuwa limekula matita mia na ishirini na saba. Kati ya yale mia na arobaini ya Cephas, kumi na matatu yalibaki chini. Cephas akasema upesi kwamba hayo alikuwa ameyatenga tangu mwanzo kwa ajili ya banda la kuku. Maurice aliandika kitu daftarini, akasema ni wazo jema. Phelesia hakuwa na kuku wengi kiasi hicho, lakini ni mwanamke mwenye adabu.

Jioni hiyo Cephas alikula kidogo. Alimwona tena yule kijana akisimama mbele ya watu na kusema neno lile, na paa halikumwangukia, na mama yake hakujifunika uso, na baadaye kijana mwenyewe alikula hata akaramba sahani. Miaka mingapi inahitajika kumfundisha mtu hivyo? Inaonekana kidato cha nne hakitoshi.

"Mama Roseline," akasema, "nadhani ile shule ya Nairobi imebadilika siku hizi."

Mellen aliendelea kuchagua mtama. Alisema hajasikia.

"Tena wazee hawakunielewa vizuri. Nilisema ataanza na ualimu. Sikusema ataishia hapo."

"Ulisema nyumba imeshaezekwa," Mellen akamkumbusha kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kupita kelele.

Cephas akahama kiti. Akasema pale mlangoni siku ile palikuwa na upepo. Mellen akatikisa ungo, akapuliza makapi, akangoja. Alikuwa amengoja miaka ishirini na miwili ya ndoa, angeweza kungoja mtama uishe. Roseline alikuwa ameketi karibu na mlango, ameshika barua aliyokwisha kuikunja mara nyingi hata ikalainika kama kitambaa.

"Nilikosea," Cephas akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeweka mguu kwenye ufito asioujua. Ulimbeba. Akakohoa, akarudia kwa sauti yake ya kawaida. "Nilikosea, na Sabato nitawaambia wazee. Mwanangu, andika jibu kwamba unakwenda."

Sabato ilipofika aliwaambia, mlangoni palepale. Shemasi, mwenye ule uwanja ulioinama, alimwomba arudie, akisema masikio yake siku hizi ni mazito. Cephas akarudia. Baadhi ya watu waliona shemasi amezidi.

Njiani kurudi nyumbani Roseline alitembea kando ya baba yake. Mawingu ya masika yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, na harufu ya mvua ilitangulia mbele yao. Akamuuliza, sasa akifika huko juu, akasome nini?

Cephas alifungua kinywa kujibu, kama alivyojibu kila swali kwa miaka thelathini.

"Sijui," akasema. "Ukijua wewe, niandikie."